Sivuti mimi, anavuta yeye: mtoto wangu yuko salama?

BARUA

Shikamoo Mama Mkunga,

Nina mimba ya wiki 13 na kuna jambo linaloninyima usingizi. Nina miaka 24. Tunaishi Kaptembwa hapa Nakuru, chumba kimoja, mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka mitatu. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba. Mume wangu ni mlinzi wa usiku kwenye godauni.

Mume wangu ni mtu mwema. Halewi, hajawahi kuniinulia mkono, na pesa anazileta nyumbani. Ila anavuta sigara. Anasema kazi ya usiku haiendi bila fegi, na hilo nalielewa, kwa sababu baridi ya Nakuru ya saa tisa usiku si mchezo. Lakini akirudi saa moja asubuhi huketi ukingoni mwa kitanda, hata buti hajavua, akawasha. Mimi na mtoto tunakuwa bado tumelala. Asubuhi kukiwa na baridi hututupia kabuti lake juu ya blanketi tupate joto, kisha anavuta mbili kabla ya kulala. Akiamka mchana moja, na nyingine jioni akijiandaa kwenda kazini. Zote humo humo chumbani. Vipande anavizimia kwenye mkebe wa maziwa ya unga anaouweka chini ya kitanda. Siku hizi nikisikia tu mlio wa kiberiti, tumbo linageuka.

Nimemwambia mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, akafungua dirisha. Mara ya pili akasema, "Anayevuta ni mimi, si wewe. Moshi unatoka nje. Na mama yangu alikuwa akikausha tumbaku nikiwa tumboni mwake. Niangalie, nina kasoro gani?" Kwao ni Malakisi, na wamelima tumbaku miaka mingi. Nikakosa la kujibu.

Kijana wetu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 35, akiwa na kilo 1.9. Tulikaa hospitali wiki tatu katika chumba cha watoto njiti. Tangu hapo kifua hakijampa amani. Mwaka jana peke yake amewekewa mashine ya mvuke mara nne. Mama mkwe anasema tumbo langu ni dhaifu, eti wasichana wa siku hizi hatuli tukashiba. Mimi nilikula, Mama. Nilikula kila kitu nilichoambiwa nile.

Sasa lililonifanya niandike. Wiki iliyopita nilianza kliniki. Muuguzi akaniuliza kama navuta sigara, nikasema sivuti. Akauliza kama nyumbani kuna anayevuta. Nikasema hakuna. Mlango ulikuwa wazi, foleni imejaa hadi kizingitini, nikaona haya kumtaja mume wangu mbele za watu. Akaandika "hakuna" kwenye kijitabu changu. Kila nikikifungua, jicho langu linaanguka hapo.

Na kuna jingine. Mama mkwe alipotutembelea alinikuta natapika, akanipa ugoro niweke kidogo nyuma ya mdomo wa chini. Alisema mimba zake zote alizivusha hivyo. Nimeweka mara tatu. Kichefuchefu kilipungua kweli, ila moyo ulienda mbio na kichwa kikazunguka. Anataka pia nikajifungulie kwao, nipate wa kunilea.

Je, moshi wa mtu mwingine unamfikia mtoto aliye tumboni? Je, ni mimi niliyemuumiza yule wa kwanza? Na mume wangu nimwambieje bila kuleta ugomvi nyumbani?

Mama Kijacho, Kaptembwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kile kijitabu, maana naona ndicho kinachokuchoma. Ukirudi kliniki, hata kabla hujapimwa presha, mwambie muuguzi, "Lile swali la sigara sikulijibu sawa. Mume wangu anavuta, na anavutia ndani." Basi. Kama foleni iko mlangoni, mwombe arudishe mlango kidogo. Atalikata lile neno aandike jingine. Kalamu hiyo nimeishika miaka mingi, na wanawake waliorudi kunirekebishia jibu lao nawakumbuka kwa heshima, kwa sababu walinisaidia kufanya kazi yangu. Swali lenyewe halikutoka kwenye udaku. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito aulizwe mambo mawili mapema na katika kila ziara: kama anatumia tumbaku, na kama anakaa kwenye moshi wa wengine. Muuguzi akijua, atalifuatilia tumbo lako kwa jicho kali zaidi, aone kama mtoto anakua inavyopasa. Hasa wewe ambaye wa kwanza alikuja kabla ya wakati.

Sasa swali lako. Ndiyo, unamfikia.

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa yake yote inatoka kwenye damu yako, inapita kwenye kondo la nyuma, inaingia kwenye kitovu. Unachovuta wewe puani ndicho anachogawiwa yeye. Na ndani ya moshi wa sigara kuna vitu viwili ninavyotaka uvijue kwa jina.

Cha kwanza ni kaboni monoksaidi. Hii ni ile hewa inayoua watu waliofunga mlango wakalala na jiko la makaa ndani, habari tunayoisikia kila msimu wa baridi. Haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo ikishakaa kwenye chembechembe za damu, oksijeni inakosa nafasi. Kwa sigara ya mwenzako kiwango ni kidogo, hakikulazi chini. Lakini damu ya mtoto huishika hewa hii kuliko ya mama, na huchelewa kuiachia. Wewe unaweza kwenda kufungua kibanda chako sokoni ukapunga upepo. Yeye hana pa kwenda.

Cha pili ni nikotini. Kazi yake moja ni kubana mishipa ya damu, na ile inayolisha kondo haiachi. Unajua siku ya mgao wa maji mtaani kwenu: mfereji uko pale pale, bomba halijapasuka, lakini ukifungua kinachotoka ni uzi mwembamba na ndoo inajaa kwa saa nzima. Ndivyo chakula kinavyomfikia mtoto mishipa ikibanwa. Wewe umekula ukashiba, kama unavyosema, nami nakuamini. Kilichopungua ni kinachovuka upande wa pili.

Na usidhani haya ni maneno ya kutisha wajawazito. Kile kinyesi cha kwanza cha mtoto, cheusi, kinachonata kama lami, huanza kukusanyika tumboni mwake miezi kadhaa kabla hajazaliwa. Watafiti wamekipima wakakuta humo kotinini, yaani mabaki ya nikotini, hata kwa watoto ambao mama zao hawajawahi kushika sigara ila waliishi na wavutaji. Mtoto anazaliwa na kumbukumbu ya hewa ya chumba alimokuwa mama yake.

Mwaka 1957 daktari mmoja wa California, Winea Simpson, alichapisha hesabu za akina mama zaidi ya 7,000 na kuonyesha kwamba waliovuta walijifungua watoto wepesi zaidi. Tangu hapo jambo hili limepimwa nchi baada ya nchi. Mama akivuta mwenyewe, mtoto huzaliwa akiwa na upungufu wa gramu 200 hivi kwa wastani. Akivuta mwingine, upungufu wa wastani ni mdogo, gramu 30 na kitu. Mumeo akisikia hivyo atasema ni kitu gani gramu 30. Mwambie wastani huo umewachanganya walioupata moshi kidogo ofisini na waliolala nao chumba kimoja wakiwa wamefunga dirisha. Tena uzito si jambo pekee. Watafiti walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2011, waliona kwamba wajawazito wasiovuta lakini wanaokaa kwenye moshi wana uwezekano wa kuzaa mtoto aliyefia tumboni uliozidi wa wenzao kwa asilimia 23 hivi. Hii haimaanishi watoto 23 kati ya 100, usije ukalala na hesabu hiyo vibaya. Maana yake ni kwamba hatari ambayo kwa kawaida ni ndogo inaongezeka kwa karibu robo. Kwa mtoto wako mmoja, mimi singeikubali nyongeza hiyo.

Kuhusu kijana wako wa kwanza, nisikilize polepole. Sikuwapo, na hata ningekuwapo nisingeweza kukuambia kwa hakika ni nini kilichomtoa kabla ya wakati. Kuzaa njiti kuna sababu nyingi, kuna maambukizi, kuna presha, kuna mimba ambazo hatujui hata tukitazama vipi. Moshi ni mojawapo ya vitu vinavyosukuma mimba upande huo, na kifua chake kinachoziba mara kwa mara kinaendana na mtoto anayeendelea kuuvuta hadi leo: moshi wa sigara huwaletea watoto nimonia, huamsha pumu, hata maambukizi ya masikio. Lakini hukumuumiza wewe. Wewe ulikuwa umelala, asubuhi, ndani ya nyumba yako. Na tumbo lako kuwa dhaifu ni neno ambalo sijawahi kuliona kwenye faili la mgonjwa yeyote.

Nakumbuka baba mmoja katika chumba cha watoto njiti nilikofanya kazi. Mtoto wake alikuwa na kilo moja na nusu, ngozi nyembamba hadi mishipa inaonekana. Baba aliingiza mkono kwenye kidirisha cha mashine ya joto, na kidole chake cha shahada kilikuwa cha manjano hadi kwenye ukucha, vile vinavyokuwa vidole vya mvutaji wa miaka. Mtoto akakishika. Kiganja chote cha mtoto hakikuzunguka hata ukucha. Yule baba akasimama hivyo muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama harufu ile inamdhuru. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, na katika kliniki zote za mke wake hakuna aliyewahi kumkaribisha ndani akae kwenye kiti. Nasema hivi kwa sababu mumeo naye huenda hajui. Anaona moshi unatoka dirishani, akadhani umekwisha.

Haujaisha. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho, na hukaa chumbani kwa saa kadhaa baada ya kuzima. Dirisha moja kwenye chumba kimoja hupitisha upepo ndani kama linavyoupitisha nje. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti nzima juu ya jambo hili, na neno lake lilikuwa kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kilicho salama. Mwaka huohuo Scotland ilipiga marufuku kuvuta ndani ya majengo ya umma, na baada ya hapo watoto njiti wakapungua. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha nchi kadhaa zilizoweka sheria za namna hiyo, wakaona kuzaa kabla ya wakati kumeshuka kwa karibu asilimia 10. Watu hawakupewa dawa yoyote. Walitolewa moshi tu. Kenya nasi tuna sheria ya 2007 inayokataza kuvuta hadharani, ndiyo maana kwenye matatu hakuna anayewasha. Lakini chumba mnacholala hakina askari, na hapo ndipo unapotumia saa nyingi kuliko kwenye matatu.

Na lile jibu lake, kwamba mama yake alikausha tumbaku naye akatoka mzima? Wapo waliovuka barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret usiku bila kutazama, wakafika ng'ambo. Tunafurahi kwamba walifika. Hatumfundishi mtoto kuvuka hivyo. Usimjibu kwa kumdharau mama yake, maana hapo mazungumzo yatageuka kuwa ya ukoo na si ya moshi.

Uko wiki ya 13, na hili ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wajawazito waliokuwa wakivuta. Walioacha kabla ya wiki ya 15 walijifungua karibu sawa na wasiovuta kabisa, kwa uzito na kwa kutimiza miezi. Wao walivuta wenyewe, na bado mwili uliwasamehe. Kaboni monoksaidi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi ukikaa mbali na moshi. Hata kama wiki ya 15 itapita, kila siku isiyo na moshi mtoto anaila. Wiki za mwisho ndizo anazonenepa zaidi, kwa hiyo usije ukasema nimechelewa.

Usimwambie aache sigara asubuhi ya kesho akitoka kazini, amechoka, baridi imemwingia hadi kwenye mifupa. Atawasha nyingine. Chagua siku yake ya mapumziko, akiwa ameshiba, mama yake hayupo. Usianze na "wewe". Anza na kijana. "Mwaka jana tumempeleka kwenye mashine ya mvuke mara nne. Huyu mwingine sitaki alale kule wiki tatu. Naomba chumba hiki kisivutiwe tena." Hilo ndilo ombi la kwanza, na ni dogo: asivutie ndani, wala mlangoni, wala kwenye korido ya ploti ambako moshi unarudi. Atoke hadi barabarani. Wanaume wengi wanaokataa kuambiwa "acha" hukubali kuambiwa "toka nje", na wakishatoka nje mara nne kwa siku kwenye baridi, wengine huanza kupunguza wenyewe.

Kisha mwalike kliniki. Si kumshtaki. Kuanzia wiki ya 20 hivi muuguzi anaweza kuusikia moyo wa mtoto kwa kile kifaa cha mbao au plastiki kama tarumbeta ndogo. Omba naye awekewe sikio. Nimewaona wanaume wakivua kofia.

Akisema yuko tayari kuacha, ajue mapema kwamba siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote: atakuwa mkali, hatalala vizuri, kichwa kitamuuma. Hilo hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Si tabia mbaya, ni mwili unaidai nikotini yake, na wewe ukilijua hutagombana naye kwa ajili hiyo. Sigara ya asubuhi ukingoni mwa kitanda ndiyo itakayomsumbua zaidi kwa sababu mikono imezoea. Mpe kitu cha kushika saa hiyo hiyo: kikombe cha uji wa moto, nje, amekaa kwenye kigoda. Usiku kazini abebe karanga au chingamu na chupa ya chai. Apige 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, atazungumza na mtu aliyefundishwa kusaidia wanaotaka kuacha. Kwenye duka la dawa aulize chingamu au bandiko la nikotini, vitu ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Na akae siku moja na kalamu ajumlishe bei ya kila sigara anayoinunua moja moja kwa mwezi mzima, aandike kando yake kodi ya nyumba. Afanye hesabu hiyo yeye mwenyewe, usimfanyie.

Kabuti. Hili umelitaja kwa kupita, nami nililisoma mara mbili. Ni upendo, najua, baba anatoka baridini na kuwafunika watu wake. Lakini kabuti lililovutiwa sigara usiku kucha limejaa mabaki ya moshi kwenye nyuzi zake, na nyinyi mnalala mmelivuta hadi puani. Likae kwenye msumari nje au ndani ya mfuko uliofungwa, naye anawe mikono na kubadilisha shati kabla hajambeba mtoto. Tafuteni blanketi la pili. Kwenye mitumba hukosi.

Na jiko, kama mnapikia makaa ndani, litoeni nje hata mvua ikinyesha, chini ya paa la korido. Hewa ni ile ile niliyokueleza, tena ya jiko inaweza kuwa nyingi kuliko ya sigara.

Ugoro uache kabisa. Moyo kwenda mbio na kichwa kuzunguka, hiyo ilikuwa nikotini imeingia kupitia ngozi laini ya mdomo. Ugoro hauna moshi, lakini mishipa ya kondo haijali nikotini imeingilia wapi. Kule Uswidi, ambako tumbaku ya kuweka mdomoni ni desturi, imeonekana kwamba wajawazito wanaoitumia huzaa njiti na kupoteza mtoto tumboni zaidi ya wasioitumia. Mara tatu ulizoweka zimepita, zisikukoseshe usingizi. Mwambie muuguzi hilo nalo. Kwa kichefuchefu, kula kipande cha mkate mkavu kabla hujainuka kitandani, kula kidogo kidogo mchana kutwa, chai ya tangawizi isiyo kali. Wengi huachwa nacho karibu na wiki ya 16. Ukifika mahali hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa wa rangi nzito, usingoje siku ya kliniki.

Malakisi nako nitakuwa wazi. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Wakulima wanaujua ugonjwa huo, mtu anachuma asubuhi na jioni anatapika na kuona kizunguzungu. Mjamzito hapaswi kulishika, wala mama anayenyonyesha, wala mtoto kulala karibu na banda linalokaushiwa majani kwa kuni usiku na mchana. Siwalaumu waliolima. Zao hilo lilisomesha watoto. Kule Migori, Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na serikali wamekuwa wakiwasaidia wakulima kuhama tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na natamani jambo hilo lifike kila mahali tumbaku inapolimwa magharibi mwa nchi. Lakini kwa mama mkwe huna haja ya kuanza hotuba. Mwambie ukweli mwingine, ambao ni ukweli vile vile: "Mama, wa kwanza alizaliwa njiti, kwa hiyo huyu natakiwa nijifungulie karibu na hospitali yenye chumba cha watoto njiti. Tafadhali njoo wewe unilee hapa." Mkaribishe kwa heshima zote. Ugoro wake aweke nje ya mlango.

Mtoto akizaliwa, moshi bado utakuwa na njia ya kumpata, na sasa kwa mapafu yake mwenyewe. Watoto waliokaa kwenye moshi, tumboni na baada ya kuzaliwa, hufa ghafla usingizini zaidi ya wengine, bila homa wala kilio, na hatari hupanda sana mtoto akilala kitanda kimoja na mvutaji. Alazwe chali, kwenye godoro lake dogo lisilobonyea, kando ya kitanda chenu, bila mito. Kama mumeo atakuwa hajaacha, asilale naye, hata kwa usingizi wa mchana. Na unyonyeshe. Mtoto mwepesi au mzito, ziwa lako ndilo kinga yake ya kwanza ya kifua.

Ule mkebe wa maziwa ya unga, usingoje mazungumzo. Kesho akiwa kazini uvute kutoka chini ya kitanda, umwage vipande mbali na nyumba, uukoshe, uuweke nje karibu na mlango wa ploti. Pangusa sakafu na ukuta wa upande huo kwa maji ya sabuni, na fua shuka. Asubuhi atainama na kupapasa chini ya kitanda, akuulize mkebe uko wapi. Mwambie uko nje.